Mpima Njia na Kabati Lenye Taji

Ofisini kwetu Kurasini ulikuwa ukiingia mwanzi kwanza, yeye anafuata baadaye. Ncha ingepita mlangoni, ipite juu ya meza ya meneja, iguse feni, ndipo sauti isikike kutoka barazani: "Hodi wenyewe!" Sote tulikuwa tunainama bila kuambiwa. Siku moja mgeni aliyekuja kufuatilia kontena lake alivuliwa kofia na mwanzi ule, akasimama kutaka ugomvi. Dereva mmoja akamshika bega. "Tulia, braza. Huyo akisema haupiti, mzigo wako utazeeka bandarini."

Tulimwita Mpima Njia. Jina lake halisi nililijua, maana nilikuwa karani wa vibali na nililiandika kila wiki, lakini sikupata kumsikia mtu akilitamka. Kazi yake ilikuwa hii: lori likibeba mzigo uliozidi kipimo cha barabara, kwa urefu, upana au kimo, haliwezi kutoka yadini mpaka mtu aikague njia nzima na kuapa kwamba litapita. Alipitisha transfoma kubwa kuliko nyumba za watu, na mabomba ambayo mwanzo wake ulikuwa umeshafika taa za barabarani wakati mwisho wake bado unafunguliwa geti. Hakuna mzigo uliomshinda, isipokuwa mmoja, nao ulikuwa wa nyumbani kwake Keko, na alikuwa amemwahidi mkewe kwamba atauweza. Nitafika huko.

Wenzake wa kampuni nyingine walikagua njia wakiwa ndani ya pikapu, kiyoyozi kimewashwa. Yeye alikwenda kwa miguu, mwanzi begani, kandambili miguuni. Mwanzi ulikuwa na pete za rangi nyekundu, kila pete kimo cha aina moja ya mzigo. Ilikuwa rangi ya kucha. Alikuwa akiichukua kwenye kichupa cha mkewe, na mkewe alilalamika miaka yote kwamba mwanzi unapendeza kuliko yeye.

Ripoti zake alizileta kwenye karatasi za daftari la shule, nami nikazipiga chapa. Hazikuwa ripoti za kawaida. Ninazikumbuka nyingine kwa moyo: "Kona ya duka la mchele: inapita, iwapo mwenye duka hajakaa nje." "Waya wa tatu baada ya kituo: unalegea jua likiwa kali, kwa hiyo twende asubuhi." "Karibu na kiwanda cha unga: mbuzi mweupe. Hahami." Hiyo ya mbuzi niliipiga chapa kama ilivyo, ikaenda kwa wakubwa wa vibali, ikarudi imeandikwa kwa wino wa kijani: "Tafadhali fafanua mbuzi." Mpima Njia alikasirika. Alirudi kwa miguu mpaka kule, akampima mbuzi, akaniletea urefu, upana na kimo. Kibali kikatoka.

Kitu alichokijua kuliko mtu yeyote Dar es Salaam nzima ni shughuli za watu. Mtaani kwetu barabara si ya magari peke yake. Mtu akioza binti yake hufunga mtaa kwa turubai, akipanga viti na maspika, na msiba nao ni hivyo hivyo. Mpima Njia alikuwa na daftari la pili lililojaa arusi, hitima, arobaini, ngoma za kumtoa mwali, zote za nyumba zilizo kandokando ya njia zake. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mwali wenu anatoka lini?" Mabinti wa watu walimwogopa wakidhani ni mshenga. Alialikwa kote, akala pilau kote, na sijapata kumwona akinenepa.

Kisha akaja meneja mpya mwenye ramani kwenye simu. Kijana mzuri, mpole, shati limenyooka. Akamwambia Mpima Njia mbele yetu sote, "Mzee, haya mambo ya kutembea tumeshatoka huko. Hii inaonyesha kila mtaa."

"Inaonyesha arusi?"

"Haionyeshi arusi, mzee."

"Basi haijaonyesha mtaa."

Meneja akatuma semi lenye kontena la futi arobaini kwa njia ya mkato ya Temeke aliyoelekezwa na simu. Likaenda vizuri mpaka likakuta turubai, viti mia na tarumbeta. Dereva alipotaka kurudi nyuma, nyuma yake nako watu walishafunga turubai la pili, la hitima ya mzee mmoja. Lori likakaa katikati ya furaha na majonzi siku moja na nusu. Dereva alilishwa pande zote mbili. Bwana arusi alipiga picha mbele ya lori, wakalifunga maua, na mpaka leo nasikia ukoo wa bibi arusi unaamini lori lile lilikuwa la bwana arusi, sijui alikwenda kuliuza wapi. Meneja alipouliza kwa nini hakuambiwa, Mpima Njia alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye tarehe, akaondoka. Mwanzi ulimfuata nyuma kwa muda mrefu.

Usidhani alikuwa mtu wa kujigamba. Alikuwa mwoga wa furaha. Msemo wake mkubwa ulikuwa mmoja: "Mbele kupita si kupita. Ngojeni mkia." Unatokana na trela. Kichwa cha lori kinaweza kukata kona kwa madaha, watu wakapiga makofi, kumbe trela huku nyuma linakata kona fupi zaidi na kuondoka na kibanda cha chipsi. Kwa hiyo, lori likipita mahali pagumu, yeye alisimama kando ameinua mkono, na hakuna aliyeruhusiwa kushangilia mpaka taa za mwisho zipite na mkono ushuke.

Ubaya ni kwamba aliutumia msemo huo kwa kila kitu. Mtoto wa mlinzi alipofaulu darasa la saba alimwambia ngojeni mkia. Mimi nilipochumbiwa, wenzangu wote walinipa hongera, yeye akanikazia macho akasema, "Yako nimeiweka." Nikaolewa, nikazaa, nikasahau. Mwaka wa saba wa ndoa akaja ofisini, mwanzi mkono mmoja, kuku mkono wa pili. "Hongera, mwanangu. Nimeangalia, naona mkia umepita." Nilicheka siku ile, halafu nikaenda chooni nikalia kidogo, kwa sababu ulikuwa mwaka mgumu na yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa anahesabu.

Aliwahi kukosea mara moja, na kosa lenyewe ndilo lililomfanya awe alivyokuwa. Lilikuwa kontena la vigae, zito ajabu, la kupelekwa kwenye ghala moja lenye geti la boriti ya zege. Alipima boriti, akapima kontena, akakuta nafasi ya vidole vitatu. Lori likaingia, mkono ukashuka, watu wakashangilia. Wakashusha vigae. Lori lilipogeuka kutoka, likagota. Springi zilikuwa zimepumua. Gari tupu lilikuwa limeinuka kuliko gari lenye mzigo, na yeye alikuwa amepima kwenda tu.

Wakapunguza upepo wa matairi mpaka mwenye lori akaanza kuomba dua. Bado vidole viwili. Ndipo Mpima Njia akapanda juu ya pipa akawaita wapakuzi wote waingie ndani ya kontena. Hawakutosha. Akamwita mama ntilie na wateja wake, mafundi baiskeli, na waliokuwa wakicheza bao nje. Wakaingia, kila mmoja ameahidiwa soda. Mama ntilie aliingia na sufuria zake kwa sababu hakumwamini mtu. Lori likashuka taratibu, likatoka chini ya boriti likiwa limejaa watu wanaoimba. Ripoti ilifika mezani kwangu: "Mzigo wa kwenda: vigae. Mzigo wa kurudi: majirani." Toka siku hiyo hakupima njia upande mmoja tena.

Sasa kabati.

Alikaa Keko, nyuma ya mafundi seremala, kwenye kichochoro chenye kona moja kali. Enzi akiwa na nguvu alimwahidi mkewe kabati la mninga. Alipima kichochoro, akapima kona, akapima mlango, akampa fundi vipimo vimeandikwa kama kibali. Fundi alikuwa rafiki yake. Kwa mapenzi, bila kuambiwa, akaongeza taji juu: ua kubwa la kuchonga lenye mapembe mawili. Kabati likapita kichochoro, likakata kona, likafika mlangoni likagota kwa taji.

"Tung'oe taji," akasema Mpima Njia.

"Kabati bila taji ni sanduku," akasema mkewe. "Ulinioa kwa sanduku?"

Likarudishwa mpaka konani, likabaki nje, chini ya kipande cha bati. Miaka ikapita. Droo za chini zikawa za mkaa, upande wa nguo wakahamia kuku. Mtaa mzima ukamwita mama yule Bibi wa Kabati. Mtu aliyeitoa transfoma Kurasini ikafika salama ng'ambo ya Kigamboni bila kugusa jani, alikuwa akirudi jioni na kulipita kabati lake kiubavu, mwanzi juu, uso chini.

Upande wa pili wa kona alihamia fundi cherehani. Akajenga chumba cha juu, na kwa vile ndani hapakuwa na nafasi, ngazi akaitoa nje, vipandio vya zege mpaka kichochoroni. Mpima Njia alikwenda kumlalamikia kwamba amebana njia. Fundi cherehani akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, shikamoo. Kabati lako lilinikuta au nililikuta?"

Ugomvi huo ulikuwa wa kawaida mpaka alipofariki bibi mmoja wa nyumba ya ndani ya kichochoro. Jeneza lilipofika konani, kati ya kabati na ngazi, halikupita. Wabebaji wakalilaza ubavu. Bibi wa Kabati, ambaye miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba na hatoki tena, aliyaona yote akiwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni. Usiku huo alimwambia mumewe maneno ambayo Mpima Njia mwenyewe alinisimulia, akitazama pembeni: "Umepitisha mavyuma ya watu maisha yako yote. Mie usinipitishe ubavu. Nipitishe nimelala kama mtu."

"Nikamwahidi," aliniambia. "Nimeahidi, mwanangu, na njia haipo."

Hapo alikuwa ameshastaafu, kifua kinambana, mwanzi umekuwa mzito. Niliwahi kumwona akiyaweza mambo makubwa, ila sikuwahi kumwona na hofu. Siku ile nilimwona.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Jumamosi moja asubuhi. Alinipigia simu akasema nije Keko na faili. Nikauliza kuna nini, akasema, "Kuna majaribio." Nikafika nikamkuta anatoka msikitini na vijana wanne wa useremala wamebeba jeneza. Alikuwa ameliazima. Mtunza vyombo wa msikiti alikuwa ameshalitoa, ameshalifuta vumbi, ndipo akauliza kwa sauti ya pole, "Maiti ni nani, mzee?"

"Bado," akajibu Mpima Njia.

Lazima lijaribiwe tupu kuingia, akanieleza, na lenye mzigo kutoka, kwa sababu safari hii inaanza na gari tupu. Akaniamuru niandike. Jeneza tupu likaingia kwa shida, konani likalazwa ubavu, likafika mlangoni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, amejitanda kanga mpya.

"Uzito?" akauliza mumewe, kalamu mkononi.

"Mume gani anamuuliza mkewe uzito mbele ya mafundi?"

Akaweka viroba vinne vya mchanga. Bibi akavitazama. "Toa kimoja." Kikatolewa. Mpima Njia akasubiri mkewe ageuke kunisalimia, akakirudisha.

Habari kwa Keko haihitaji simu. Jeneza lilikuwa limeonekana likiingia, basi ikawa msiba. Kilio kikaanza nyumba ya mwisho. Jirani mmoja akafika na sufuria kubwa ya kupikia na mwiko wake, wengine wakaja na mikeka. Wakamkuta marehemu amekaa mlangoni.

"Innalillahi," akasema mwenye sufuria. "Nani tena?"

"Mie," akasema Bibi. "Karibuni, mkeka tandikeni pale. Ila hatupiki, ni mazoezi."

Vijana wakanyanyua. Bibi akaanza kuwakosoa tangu hatua ya kwanza. "Mnanikimbiza nini? Mnadaiwa? Wewe mfupi usikae mbele, mie sitaki kwenda nimeinamisha kichwa!" Wakapanga upya. Wakafika konani. Mbele ikaingia kati ya kabati na ngazi, ikapita, watu wakapumua. Mpima Njia alikuwa ameinua mkono.

"Ngojeni mkia!"

Mkia ukagota. Kijana wa nyuma akabanwa kwenye kabati, mlango ukafunguka, kuku wakatoka wote wakiruka juu ya viroba. Jeneza likasimama pale, halirudi, haliendi, na kutoka juu ngazini fundi cherehani akawa anatazama, mita ya kupimia nguo shingoni.

"Kata ngazi!" Mpima Njia akapiga kelele.

"Toa kabati!"

"Ngazi ni ya juzi!"

"Kabati halina hata nguo, mzee, lina kuku!"

Walirushiana hivyo mpaka kifua cha Mpima Njia kikamkamata. Akaegemea mwanzi, akakohoa, akakohoa, na mtaa mzima ukimsikiliza. Nilimtazama fundi cherehani, nikaona aibu inamwingia. Kisha nikamtazama Bibi. Alikuwa akimtazama mumewe, si jeneza.

"Toeni taji," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia, kwa hasira, kwamba nani hapa hana masikio, taji ling'olewe. Fundi aliyelichonga, sasa naye mzee, akaitwa. Akaja na nyundo na patasi, akaling'oa kwa kugonga mara tatu. Mara tatu! Miaka yote ile. Wakalifagia kabati, wakalibeba, likaingia mlangoni kama limeitwa, na nafasi ikabaki. Fundi cherehani naye akashuka, akachukua nyundo ileile, akaanza kuvunja kipandio cha chini cha ngazi yake. Alipomaliza aliruka kutoka kipandio cha pili mpaka chini kuonyesha kwamba inawezekana, akateguka mguu.

Jeneza likarudishwa mlangoni, likajaribiwa tena. Likatoka limelala sawa, kuanzia mbele mpaka nyuma, viroba vinne ndani, na mwenye sufuria akapiga kigelegele, akakumbuka ni nini kinachobebwa, akaziba mdomo. Nikaandika nilivyoambiwa: "Nyumbani hadi msikitini. Tupu kuingia: inapita. Na mzigo kutoka: inapita. Kuku: wamehamishwa." Mpima Njia akaweka sahihi. Akamwonyesha mkewe karatasi, naye akaisoma yote kabla hajamrudishia.

"Haya," akasema Bibi. "Sasa sina haraka."

Na hakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa mwingine. Kabla mvua za masika hazijaanza, simu ilikuja ofisini, nami nikaondoka na kanga yangu begani kwenda Keko. Kile kifua kilikuwa kimemmaliza.

Nilikaa na wanawake mlangoni, karibu na kiti cha plastiki. Ndani, taji la kabati lilikuwa limepigiliwa misumari ukutani juu ya kitanda. Mwanzi ulikuwa umelazwa juu ya paa, maana haukuwahi kuenea ndani. Jeneza liliingia tupu, likapita. Likatoka naye, fundi cherehani akiwa wa kwanza mbele, bado anachechemea. Wakafika konani, wakapinda, mbele ikapita pale palipokuwa na kabati.

"Alhamdulillahi," mwanamke mmoja akanong'ona. "Limepita."

Bibi alikuwa ameinua mkono.

"Ngojeni mkia," akasema.

Tukangoja. Waliobeba nyuma wakapinda, wakanyooka, wakapotea upande wa msikitini, naye amelala kama mtu. Ndipo Bibi akashusha mkono, akalia.